Nyama nyekundu ya Wachina wa kona: shajara ya jikoni, Manchester

Jumamosi, 11 Januari 2025. Ninachokitafuta

Ijumaa nyumbani kwetu hatupiki. Tunaagiza kwa Wachina wa kona: wali wa kukaanga, na ile nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vyembamba, ndani nyeupe, ukingoni nyekundu kama imepakwa rangi ya mdomo, ikiogelea kwenye mchuzi mzito wa kahawia pamoja na choroko zilizochipua. Pauni 7.50 kwa sahani moja. Sisi ni wanne. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi mtu wa Moshi, kitimoto si mgeni kwangu. Ila kitimoto yetu ni ya kukaanga, ndizi pembeni, kachumbari, limao, pilipili, na mtu anakula huku anajifuta jasho. Hii ya Wachina ni tamu, ina harufu ya viungo vya pilau, na haina papara. Nimeamua kuipika nyumbani mpaka nifikie ladha ile ile, na nitaandika kila hatua pamoja na gharama ili anayetaka kufuata asirudie makosa yangu.

Kwa Kikanton inaitwa char siu, yaani kuchoma kwa uma, kwa kuwa zamani vipande vilitungwa kwenye uma mrefu na kuwekwa juu ya moto. Siku hizi vinaning'inizwa kwa kulabu ndani ya tanuri refu. Ndivyo hivyo unavyoviona madirishani Chinatown, karibu na lile lango kubwa la Faulkner Street. Waliofungua maduka mengi ya chakula cha kubeba hapa Uingereza miaka ya 1950 na 1960 walitoka Hong Kong, hasa vijiji vya New Territories, na nyama hii ilikuja nao.

Nilivyonunua leo: sosi ya hoisin (ya Kichina, nzito na tamu) pauni 2.20, sosi ya soya nyepesi 1.80, soya nyeusi 2.10, unga wa viungo vitano 1.00. Asali ilikuwepo kabatini. Nyama ni sarara, gramu 900, pauni 6.30. Jumla 13.40. Nimechagua sarara kwa sababu ile ya Ijumaa haina mafuta. Nyama imelala kwenye viungo tangu saa mbili usiku.

Jumapili, 12 Januari. Moshi

Nimeshindwa, tena kwa kelele.

Nilichanganya asali kwenye viungo vya kulowekea tangu jana. Leo nikawasha oveni nyuzi 220, nikaweka nyama juu ya waya, chini yake trei tupu ya kudakia matone. Dakika ya kumi na mbili trei ilianza kutoa sauti kama mtu anakaanga dagaa. Dakika ya kumi na tano king'ora cha moshi kikalia, mtoto mdogo akaziba masikio, mimi nikawa napepea king'ora kwa taulo juu ya kiti. Nilipofungua oveni, kila tone la asali lililoangukia trei lilikuwa limegeuka mkaa. Nyama yenyewe nje nyeusi, katikati bado ya waridi na laini kwa namna isiyopendeza. Nikaikata vipande nikaimalizia kwenye kikaango. Ililiwa, lakini hakuna aliyeomba nyongeza.

Jirani wa ghorofa ya juu, dada wa Mombasa, akashuka kugonga. "Nyinyi mwapika nini huko? Nyumba nzima yanukia!" Nikamwambia ukweli. Akacheka mpaka akashika mlango: "Astaghfirullah, na harufu yake nzuri hivi!" Nikamwahidi kwamba nikifaulu nitamtafutia njia ya kuku.

Makosa ni mawili. La kwanza ni asali. Sukari iliyo nyingi kwenye asali ni ile ya matunda, nayo huanza kuungua karibu nyuzi 110, wakati sukari ya kawaida inangoja mpaka 160 hivi. Ukiipaka mwanzoni, itakuwa mkaa kabla nyama haijapata joto katikati. La pili ni trei kavu. Weka maji kwenye trei, yenye kina cha sentimita moja, na matone yatazimika yanapoanguka.

Jumapili, 19 Januari. Rangi, na magadi

Wiki hii nilikuwa na nadharia mbili. Zote zilinigharimu.

Kwanza rangi. Nilinunua chupa ndogo ya rangi nyekundu ya chakula, pauni 1.20. Kwenye lebo kuna onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Hapa rangi kadhaa zinalazimika kubeba maneno hayo tangu 2010. Nilitia matone machache tu. Nyama ikawa nyekundu sawasawa. Vidole vyangu pia. Na meza ya jikoni, ambayo ni nyeupe na si yangu, ikapata doa la ukubwa wa kisahani nilipoinua bakuli bila kuangalia chini yake.

Pili ulaini. Nilishasikia kwamba wapishi wa maduka haya hulainisha nyama kwa magadi soda. Ni kweli, na inafanya kazi, ila kuna kipimo: kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya vipande vyembamba, dakika 15 hadi 20, kisha unaosha kwa maji mengi na kukausha. Mimi nilikuwa na kilo moja ya sarara (pauni 7.00). Nikaigawa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza nikaipaka magadi vijiko viwili, nikailaza usiku kucha, na asubuhi nikaipangusa tu kwa karatasi. Nilifikiri ikikaa zaidi italainika zaidi.

Imelainika kupita kiasi. Ukiibonyeza inabonyea na kurudi kama sifongo. Ukiitafuna inateleza. Na ladha ni ya sabuni; kama umewahi kula maharage ya mpishi wa shule aliyezidisha magadi ili yaive haraka, ndiyo hiyo hiyo, na juu yake sukari. Nusu kilo ikaenda kwenye pipa. Iliniuma, maana nyumbani kwetu nyama haitupwi.

Nusu ya pili, yenye rangi bila magadi, iliiva vizuri. Safari hii nina kipimajoto cha nyama (pauni 9.00, kifaa bora kuliko vyote nilivyonunua), trei ina maji, asali nimepaka dakika kumi za mwisho. Hakuna moshi. Lakini nilisahau nyama ndani nikifuta lile doa, na nilipoichoma kipimajoto ilisoma nyuzi 82. Kavu. Ukingo mwekundu mzuri kabisa, ndani kama ubao. Tulikula vipande vitatu, iliyobaki nikaifunga na kuitia friza nikijisemea nitaipikia supu siku moja.

Gharama ya leo: 17.20.

Jumapili, 26 Januari. Shingo, tofu nyekundu, maltosi

Jana nilienda Chinatown badala ya kubahatisha. Mwaka mpya wa Kichina ni Jumatano hii, duka lilijaa watu na mimea ya michungwa midogo. Mama mwenye duka alinitazama kikapu, akaona sarara, akatikisa kichwa. Akanionyesha begani kwake, kisha nyuma ya shingo. Nikaelewa. Sarara nikairudisha, nikachukua nyama ya shingo, kilo 1.2 kwa pauni 8.40. Shingo ina nyuzi za mafuta zilizopita katikati ya nyama, na hizo ndizo zinazoilinda kwenye joto.

Vitu vingine vitatu:

Tofu nyekundu iliyochachushwa, chupa pauni 2.60. Ni vipande vidogo vya tofu vilivyokaa kwenye maji mekundu yenye chumvi. Wekundu unatokana na mchele ulioota ukungu maalumu mwekundu. Ukifungua chupa harufu yake ni kali, mke wangu alifungua dirisha bila kusema neno. Ikiiva harufu inakuwa utamu mzito wa chumvi usioweza kusema umetoka wapi. Chupa ya rangi nimeiacha kabatini.

Mvinyo wa mchele wa Shaoxing, pauni 3.20.

Maltosi, pauni 2.40. Hii ni sukari ya nafaka, nzito kuliko asali iliyoganda. Nilizamisha kijiko, kikasimama wima peke yake. Nikakivuta, chupa yote ikainuka nacho. Njia ni hii: chovya kijiko kwenye maji ya moto kwanza, chota haraka, kisha yeyusha maltosi kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto. Faida yake ni kwamba huvumilia joto mpaka karibu nyuzi 180 kabla ya kuanza kubadilika rangi, na si tamu kama asali. Ndiyo inayotoa ule mng'ao wa kioo.

Vipimo vilivyofaulu, kwa kilo 1.2:

Kata nyama vipande virefu, sentimita 20 kwa unene wa 4 au 5. Changanya sukari vijiko 3 vya chakula, hoisin vijiko 3, soya nyepesi 2, Shaoxing 2, soya nyeusi kijiko 1 cha chai, chumvi kijiko 1 cha chai, tofu nyekundu vipande 2 vilivyopondwa na kijiko cha maji yake, vitunguu saumu punje 3, pilipili nyeupe kidogo. Unga wa viungo vitano ni nusu kijiko cha chai tu. Ndani yake kuna karafuu, mdalasini, shamari, anisi nyota na pilipili ya Sichuan. Wa kwetu tunaujua ubabe wa karafuu, ukizidisha utakula nyama yenye ladha ya dawa ya meno. Laza usiku mzima kwenye friji.

Oveni nyuzi 200. Waya juu, trei yenye maji chini. Dakika 20, geuza, dakika 15 nyingine, mpaka kipimajoto kisome 65. Wakati huo chemsha yale maji ya kulowekea yaliyobaki kwa dakika kadhaa (yamegusa nyama mbichi, usiyapake hivi hivi), changanya na vijiko 2 vya maltosi. Paka. Washa moto wa juu wa oveni (grili), dakika 3 au 4, geuza, paka, rudia. Usiondoke. Mimi niliondoka dakika moja kufungua mlango na kipande kimoja kikapata pembe nyeusi, ingawa pembe nyeusi kidogo ndiyo raha yenyewe. Toa ikifika 73 hivi, ipumzike dakika 10.

Ilikuwa tamu jamani. Laini, inang'aa, mafuta yameyeyukia ndani. Watoto walikula kwa vidole pale pale ubaoni.

Kisha mke wangu akafuta mikono akasema, "Nzuri sana. Lakini siyo ya Ijumaa."

Na ni kweli. Hii ni nyama ya dirishani Chinatown. Ya Wachina wa kona ni kitu kingine.

Gharama: 16.60.

Ijumaa, 7 Februari. Dirisha dogo

Sikupika wiki nzima. Leo nilienda mwenyewe kuchukua chakula, mvua ya hapa isiyonyesha wala isiyokatika, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kungoja. Kati ya kaunta na jiko kuna dirisha dogo la kupitishia vyombo. Mara zote nimelitazama bila kuona kitu.

Leo nimeona. Mpishi alifungua friji iliyo chini ya meza, akatoa kopo la plastiki, akafungua kifuniko, akachota konzi ya vipande vya nyama vilivyokatwa tayari. Vya baridi. Vimeshikana, akavitenganisha kwa vidole. Vikaingia kwenye karai la moto, choroko, rojo la mchuzi kutoka kwenye ndoo, akarusha mara nne, tano, basi. Hata dakika mbili hazikufika.

Nyama haikuchomwa leo. Labda jana, labda juzi, yote kwa mpigo mmoja, ikapoozwa, ikakatwa, ikangoja. Wiki nne mimi nakula nyama ya moto kutoka kwenye oveni na kujiuliza kwa nini hailingani na nyama ya jana iliyopashwa kwenye mchuzi.

Jumapili, 9 Februari. Baridi

Nilichoma shingo jana (8.40, pamoja na pauni 2.00 za choroko zilizochipua, kitunguu na wanga wa mahindi). Nikaiacha ipoe, na kabla ya saa mbili kupita ikaingia friji. Na kwa kuwa nilikuwa nafungua friza, nikatoa pia ile sarara kavu ya Januari, nikaiyeyusha kwenye friji usiku.

Leo nimekata zote mbili zikiwa baridi. Tofauti ya kisu tu inatosha kukushawishi. Nyama ya moto huchanika na kutoa maji. Ya baridi mafuta yameshikana, unapata vipande vya milimita tatu vilivyonyooka, kila kimoja na mstari wake mwekundu pembeni. Sarara ilikatika kama mkate.

Mchuzi: supu ya kuku mililita 300, soya nyepesi kijiko 1 cha chakula, soya nyeusi kijiko 1 cha chai, sosi ya chaza kijiko 1, sukari nusu kijiko cha chai, pilipili nyeupe, kisha wanga wa mahindi kijiko kimoja na nusu uliokorogwa kwa maji ya baridi. Niliumwaga wanga mara moja kwenye mchuzi unaochemka bila kukoroga na nikapata mabonge kama ya uji wa haraka. Uchuje, uanze upya, safari hii mwaga taratibu mkono mwingine ukikoroga. Matone ya mafuta ya ufuta mwishoni, moto ukiwa umezimwa.

Karai liwe na moto hasa. Kitunguu nusu dakika, choroko nusu dakika, nyama, mchuzi, rusharusha mpaka kila kipande kitoe mvuke. Sahani mbili, moja ya shingo, moja ya sarara. Sikumwambia mtu ipi ni ipi.

Mke wangu alionja ya shingo, akaitikia kwa kichwa. Akaonja ya sarara, akaacha uma mezani. "Baba watoto, hii. Hii ndiyo ya Ijumaa."

Ile kavu! Niliyoiita ubao! Ukavu wake haukuwa na maana tena, kwa sababu kipande chembamba kinakunywa mchuzi, na mafuta machache yanaacha mchuzi ubaki safi. Shingo ndani ya mchuzi ule ule ilikuwa nzito, mafuta yakaelea juu. Yaani chaguo langu la siku ya kwanza lilikuwa sahihi, nililiharibu kwa kulila siku isiyo yake.

Msinielewe vibaya, 82 bado ni kupitiliza. Nitaitoa sarara ikifika 70 na kuiacha dakika mbili kwenye joto hilo hilo. Itabaki na unyevu, na baridi itafanya kazi yake.

Jumapili, 23 Februari. Ahadi ya kuku

Ramadhani ni wiki ijayo, nikaona nimalizie deni la jirani kabla hajaanza kufunga. Sikutaka kutumia vyombo vyetu wala oveni yetu, vyote vimeshaona nguruwe. Nilimnunulia trei na waya mpya (4.00), kuku wa halali wa paja bila mfupa kilo moja (5.50), tukapika kwake.

Shaoxing haiingii. Tofu nyekundu nayo haiingii, kwani chupa yangu imeandikwa kuwa na mvinyo. Soya na hoisin tulisoma lebo pamoja, yeye ana macho makali kuliko mimi. Badala ya wekundu wa tofu nilitia maji ya bitiruti. Mabichi yalikuwa mazuri ajabu. Kwenye oveni yakageuka rangi ya kutu. Usijisumbue nayo. Kijiko cha paprika kingefaa zaidi.

Paja linaiva haraka: nyuzi 200, dakika 20 hivi, maltosi, moto wa juu dakika 3, kipimajoto kisome 75. Ladha ilikuja vizuri. Alisema angeongeza ukwaju, nami sina ubishi na mtu wa Mombasa kuhusu ukwaju.

Gharama: 9.50.

Jumapili, 9 Machi. Hesabu

13.40, 17.20, 16.60, 10.40, 9.50. Jumla pauni 67.10. Kwa fedha hizo ningepata sahani nane kwa Wachina wa kona na chenji juu. Lakini kipimajoto na chupa zote bado zipo, na sasa kilo moja ya sarara inatutosha sahani tano, kama pauni 2 kila moja bila wali. Nachoma Jumapili mara moja kwa mwezi, nakata baridi, nafunga gramu 150 kwa mfuko, natia friza. Ijumaa natoa mifuko kuanzia asubuhi, iyeyuke kwenye friji.

Shingo naiweka kwa ajili ya wageni, ya kuliwa moto, kwa mikono, bila mchuzi.

Bado sijajaribu kuning'iniza. Nimepima oveni yangu: kutoka waya wa juu mpaka trei ni sentimita 31, kwa hiyo vipande vya sentimita 20 vinaweza kuning'inia kwa kulabu bila kugusa maji. Nikijaribu nitaandika hapa.

Doa la rangi nyekundu kwenye meza: sabuni haikulitoa, limao halikulitoa. Magadi soda yaliyokorogwa kuwa rojo na kuachwa saa moja yamelipunguza nusu. Mwenye nyumba anakuja kukagua Aprili. Leo nimerudia magadi mara ya tatu, na juu yake nimeweka kikapu cha mkate.